Shikamoo Juu ya Baiskeli ya Kulalia

Ipo asubuhi moja ya Mabogini ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, mpaka mke wangu anatoka jikoni kuja kuangalia kama niko mzima. Nilikuwa kijana bado. Usinitazame hivyo, mwanangu. Nilikuwa nimevuka hamsini na nina wajukuu, lakini sisi watu wa mlimani hatumwiti mtu mzee mpaka waliomshika siku ya ubatizo wawe wamekwisha wote, na wangu walikuwepo bado, wakali kuliko pilipili.

Nimesikia umepata baiskeli ya kulalia, ile ya magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, na kwamba umeiweka barazani umeifunika shuka. Shuka la nini? Baiskeli si maiti. Kaa nikusimulie ya kwangu, halafu ukaitoe nje.

Mimi nilianguka kutoka kwenye mparachichi kule nyumbani Uru. Wengine watakuambia ulikuwa mti wa kawaida tu. Mimi niliyekuwa juu yake nakuambia kutoka pale nilikuwa naiona Nairobi. Nyonga ikavunjika, ikaungwa, lakini mguu wa kushoto ukabaki na mambo yake. Baiskeli ya kawaida ikanishinda, na kutembea mwendo mrefu pia kukanishinda. Na mwaka huohuo ndio nilikuwa kidato cha nne, masomo ya jioni, pale mjini. Nilikuwa nimeacha shule nikiwa mdogo nikaenda kubeba mizigo ya wageni mlimani, nikaja kurudi darasani na mvi zangu. Kwenye kikao cha ukoo nilisimama mbele ya watu wote nikasema mtihani wa mwisho nitaufanya, na cheti nitakileta hapa mkione. Sasa kutoka kwangu Soweto, mtaa wa pembeni mwa mji wa Moshi, mpaka darasani kuna mwendo. Bajaji ya kila jioni ilikuwa nje ya uwezo wangu, na mwalimu alishatangaza kwamba mtoro hafanyi mtihani. Nikaona shule inaniponyoka hivi hivi huku naitazama.

Hapo ndipo alipokuja Aikande, mtoto wa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni wanaozunguka mlima kwa baiskeli. Alikileta kile chombo nyuma ya pikapu. Mgeni mmoja alikuwa amekiendesha kutoka nchi za mbali, akafika Moshi akachoka kabisa, akamwachia.

"Baba mdogo, hii haimkatai mtu mwenye mguu mmoja mbovu," akaniambia. "Unakaa kama uko sebuleni."

"Sebule gani ina pedali?"

"Ya kwako, kuanzia leo."

Alinifundisha vizuri, nami nakupa vilevile alivyonipa. Kabla hujakaa, funga breki ya kuegeshea, maana chombo kile hakina adabu, kitakukimbia ungali umeinama. Keti kwanza, mgongo ufike nyuma kabisa ya kiti, ndipo upandishe mguu mmoja na kisha wa pili. Usukani usiutafute mbele. Shusha mikono, utaukuta pembeni mwa mapaja. Breki ni mbili, kila moja na gurudumu lake la mbele, kwa hiyo zibane pamoja, kwa sababu ukibana moja tu itakuvuta upande wake. Viatu vifunge kwenye pedali kwa mikanda yake. Mguu ukidondoka chini ukiwa kwenye mwendo, chombo chako mwenyewe kitaupanda.

Halafu kuna kipimo cha miguu, na hapa ndipo kisa changu kilipo. Pedali zimekaa mbele, kwenye bomba linalosogea ndani na nje ukilegeza skrubu zake. Weka kisigino juu ya pedali iliyo mbali kabisa, mguu unyooke. Kisha weka sehemu ya mbele ya wayo, na goti libaki limekunjika kidogo tu. Likikunjika sana umejivuta karibu mno, na likinyooka kabisa umejisukuma mbali mno. Aikande alinipima hivyo, akakilaza kiti nyuma, akanifungia kibendera chekundu juu ya fimbo ndefu ili wenye malori wajue chini kuna binadamu. Nikazunguka uani. Mwanangu, nilijiona mfalme! Mguu ulioniacha kitandani miezi kadhaa ulikuwa unasukuma kama mashine ya kukoboa.

Balaa lilinisubiri nje ya geti.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyenipita umri kwa mbali. Wewe unajua kwetu mtu akikutana na mkubwa wake hushuka kwenye baiskeli, akasimama, akavua kofia. Mimi nilikuwa nimelala chali, miguu mbele, na nyayo zangu zilimfikia kabla ya sura yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika akiziangalia soli za viatu vyangu. "Umeanza kuugua lini, baba?"

Sijamaliza kumjibu nikawa nimefika kijiwe cha bodaboda, ambako kila mwanamume wa Kichagga huitwa Mangi.

"Mangi! Umemkimbia kinyozi na kiti chake?"

"Mwacheni Mangi apite, anawahi wodini!"

Walicheka hadi nadhani theluji ya Kibo ilisogea. Vijana hawakuniumiza, hata mimi ningecheka. Kilichoniuma ni yule mama. Mimi mtoto wa watu, niliyelelewa, nimwoneshe mkubwa wangu nyayo? Usiku ule nikachukua spana nikakirekebisha chombo kwa akili zangu. Kiti nikakisimamisha wima kama benchi la kanisani. Bomba la pedali nikalivuta ndani mpaka mwisho, ili miguu isinitangulie tena mbele za watu. Nilipomaliza nilikaa kama mzee wa kanisa siku ya harambee, na magoti yangu yalikuwa yananipita masikioni. Nikikata kona, gurudumu moja linanyanyuka kutazama hewani, kwa sababu uzito wote umepanda juu. Lakini nikasema moyoni, angalau sasa naamkia watu nimekaa.

Magoti hayakujua habari za adabu. Yalivimba yote mawili, hata lile zima. Nikakosa darasa, nikakosa tena, na mwanafunzi mwenzangu akaja na salamu za mwalimu kwamba nikikosekana mara nyingine jina langu linaondolewa kwenye mtihani. Aikande sikumwambia, maana angeniuliza nani kakigusa. Nikaamua nishuke Mabogini, kule kwenye tambarare ya mpunga, nikajaribu kwa mara ya mwisho mahali pasipo kilima. Magoti yakikataa, narudisha chombo, na shule ndiyo basi.

Nilikwenda kwa maumivu, kando ya mfereji, jua linachoma. Mbele yangu namwona nani? Meku! Huyu alikuwa mdogo wake babu yangu mzaa baba, na sote tulimwita Meku, ndiyo kusema mzee kwa Kichagga. Alikuwa na umri ambao hata kanisani walishaacha kuuhesabu. Aliishi Uru juu kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa, na siku ile alikuwa ameshuka kuangalia mpunga wake, amevaa koti zito la baridi ya mlimani katika joto la kukaanga mayai juu ya jiwe.

Mwanangu, nilipomwona nilisahau kila nilichofundishwa. Nikachomoa miguu kabla ya kusimama, nikajaribu kuinuka chombo kikiwa kwenye mwendo, na kwa vile nilikuwa nimekaa juu kama jogoo kwenye ua, mimi na baiskeli yangu tulikwenda upande mmoja. Tuliingia mferejini pamoja. Maji yaliruka nusura yamwagilie heka mbili.

Meku alisogea, akaegemea fimbo yake, akanitazama chini.

"Unakwenda wapi, mbe?" akauliza; mbe ni kama bwana kwa Kichagga chetu.

"Shikamoo, Meku. Nilikuwa nashuka nikuamkie."

"Ndani ya mfereji?"

Watu wawili waliokuwa wanapalilia wakanisaidia kutoka, wakakitoa na chombo. Meku akakizunguka, akakigonga kwa fimbo kama anayenunua ng'ombe. "Nilikuona tangu kule mbali," akasema. "Nikajiuliza, yule ni mtoto wetu au ni kuku anayetaga? Ndivyo kinavyokaliwa?"

Nikamweleza yote. Nikamwambia hukaliwa kwa kulala, miguu mbele, na kwamba nimekikunja mwenyewe ili nisiwavunjie heshima wakubwa. Nikamwambia na magoti, na darasa, na mtihani. Halafu akanikaripia, taratibu, kwa sauti ile ambayo mtu hawezi kuikimbia.

"Mwaka ule nilipolazwa, ulikuja kuniona?"

"Nilikuja, Meku."

"Ukaniamkia. Nikakuitikia nimelala chali, na nyayo zangu zimekuelekea mlangoni. Ulirudi nyumbani ukamwambia mkeo kwamba Meku amenitukana?"

"Hapana, Meku."

"Sasa nani alikwambia wazee tunaangalia soli? Ulisimama kwenye kikao ukatuahidi cheti. Mimi nimekaa nakingoja, na umri wangu unauona. Unataka kuniletea magoti yaliyovimba uniambie, Meku, hii ndiyo heshima yangu kwako?"

Maji yalikuwa yananichuruzika kila mahali, na mengine, mwanangu, hayakuwa ya mferejini.

Basi akanishikisha fimbo yake. "Kitengeneze kinavyotakiwa. Nataka kukikalia."

"Wewe, Meku?"

"Kuna Meku mwingine hapa?"

Hapo sikubahatisha. Ningemwumiza Meku, ningeueleza nini ukoo mzima? Nililegeza bomba, nikalisogeza nje, nikampima kisigino, nikampima wayo, nikahakikisha goti lake limebaki na mkunjo mdogo. Kiti nikakilaza. Nikamfunga viatu kwenye mikanda, nikamwonesha breki zote mbili. Na aibu? Hata chembe. Nilimlaza mzee wangu chali mbele ya Mabogini nzima na nikaona amependeza.

Akaondoka. Mwanzoni polepole, halafu akagundua kwamba ile njia ya mferejini ni tambarare na imenyooka. Koti likapepea! Kina mama waliokuwa wanapandikiza mpunga wakainuka na matope mpaka viwikoni.

"Shikamoo, Meku!"

"Marahaba! Marahaba, wanangu!"

"Meku, unakwenda wapi?"

"Sijui, na msiniulize!"

Mmoja akapiga vigelegele, na wote wakadakia. Hakuna hata mmoja aliyetazama zile soli, na zilikuwa soli kubwa, nakuapia. Nilikuwa nachechemea nyuma yake na fimbo, nacheka, naomba Mungu. Penye kona akabana breki ya kulia peke yake, chombo kikaanza kumpeleka kwenye mpunga wa watu. Nikapiga kelele, "Zote mbili, Meku!" Akazibana zote mbili, akasimama sawasawa ukingoni, miguu yake iko juu ya maji. Alikaa pale mabega yanaruka, hadi nikaogopa. Kumbe anacheka, pumzi imemwishia.

Tulipomtoa aliniambia, "Panda wewe. Na usiguse kitu." Miguu ya ukoo wetu ni mirefu namna moja, kwa hiyo kipimo chake kilikuwa kipimo changu. Nikakaa. Nikalala. Nikasukuma. Magoti yalikuwa yanauma bado, ila hayakuwa yananipigia kelele tena. Jioni ileile niliingia darasani na matope yangu, mwalimu akanitazama, akaendelea na somo.

Mtihani nikaufanya. Cheti kilipotoka nilikifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikapanda nacho Uru kwa baiskeli hiyohiyo. Kile kilima nilikipanda kwa gia nyepesi kuliko zote, mdogo mdogo, kinyonga alinipita akanipungia mkono. Meku alikuwa mlangoni. Alikipokea, akakiangalia juu chini, kisha akaomba asomewe somo moja moja, na hata lile nililopata alama ya kuona haya alilipigia makofi.

Sasa wewe, mwanangu. Najua kinachokufanya ukifiche kile chombo barazani, na si ugeni wa kukiendesha. Unaogopa watakaokuona umelala. Kipime kwa mwili wako, goti lako na mgongo wako, wala usikipime kwa macho ya walio barabarani, maana wao hawatakuuguza. Anza mahali tambarare, pole pole, mpaka mikono izoee breki. Badilisha gia kuwa nyepesi kabla hujasimama, la sivyo kuondoka tena kutakutoa jasho. Kona ipunguzie mwendo, uegemee upande wa ndani. Na ukikutana na mkubwa wako, simama kabisa, vua kofia, mtazame usoni, mwamkie kwa sauti anayoisikia, umpe nafasi aitike na akuulize ya nyumbani. Huko ndiko kumheshimu. Ukimpita mbio bila neno, hata ukiwa umekaa wima kama mlingoti, umemkosea.

Mungu akupe magoti yasiyonung'unika na upepo wa kukusukuma mgongoni. Akuepushe na malori, na mifereji, na hofu ya kuchekwa. Na kila utakapopita, chini hata juu mlimani, akukutanishe na wazee wengi walio hai, wa kukuitikia marahaba.