Yai Lililokataa Kushuka

Wenzake wa chumba cha kufulia walimwita Mama Pasi, kwa sababu shuka likipita mikononi mwake lilinyooka kama karatasi mpya. Mwaka huo sketi yake ndiyo iliyojaa mikunjo. Aliibana kiunoni kwa pini moja, kisha mbili, kisha tatu.

"Dada, ukipungua tena tutakukunja pamoja na foronya," mwenzake wa meza ya pili alimtania.

Alicheka, lakini aliogopa. Vijiko vitatu tu vya uji, tumbo limejaa ndi! Jioni anatapika chakula cha asubuhi, kiko vilevile. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo, akafa na uvimbe tumboni.

Alipopimwa kwa kamera ya kushushwa tumboni kupitia mdomoni, daktari alimwita binti yake kwanza. Binti akatoka anatabasamu.

"Mama, hamna kitu."

Maneno hayo aliyajua. Miaka sita nyuma yeye mwenyewe alitoka kwenye mlango kama ule, akajifuta macho, akamwinamia mama yake: "Mama, hamna kitu." Mama akafurahi, akaagiza mbegu za kunde. Hakuziona zikiota, Mungu amrehemu.

Tangu hapo akawa anamvizia bintiye. Akinong'ona kwenye simu, wanapanga msiba. Akimletea gauni jipya, ni la kuzikiwa. Sala zake zote zikawa moja: Mola wangu, nisife nikiwa nimedanganywa.

Baada ya wiki tatu hospitali ikamwita tena. Daktari mwingine, kijana, alikuwa anafanya utafiti juu ya matumbo yanayosumbua watu na kamera haioni ubaya wake. Alimlisha yai lililotiwa dawa inayoonekana kwenye mashine, apigwe picha kila saa, kwa saa nne.

"Picha nitaziona mimi," alisema Mama Pasi. "Mwanangu akae nje."

"Mama jamani! Nimekukosea nini?"

"Nje."

Saa ya kwanza, doa jeupe katikati ya giza. Saa ya pili, lipo. Ya tatu, lipo; ya nne, lipo, limekaa kama mgeni asiyeaga.

"Daktari, usinifiche. Ndio uvimbe huo?"

"Hilo ni yai, mama."

"La asubuhi?"

"La asubuhi. Hata sasa, saa ya nne, zaidi ya nusu yake haijashuka. Kamera ilisema kweli, huna kidonda wala uvimbe. Ila misuli ya tumbo ni mivivu, haisukumi chakula. Kamera inaona ukuta wa tumbo, haioni kazi yake."

"Nitapona?"

"Utakula kidogo kidogo, vitu laini, na dawa tutajaribu. Kupona kabisa, siwezi kukuahidi."

Hapo ndipo alipomwamini. Mwongo angeahidi.

Alimkuta binti kwenye benchi, macho mekundu. Akakaa karibu yake, akamweleza habari ya bibi yake, mlango na mbegu, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Kwa hiyo ukadhani nami nakudanganya?"

"Nisamehe, mwanangu. Lakini siku kitu kikiwepo kweli, utaniambia?"

Binti akatazama sakafu.

"Nitajitahidi, mama."

Mama Pasi akaushika mkono wake, ulikuwa wa baridi. Hakumlaumu. Na yeye siku ile ya mama yake alijitahidi kusema kweli, mpaka akafika mlangoni.