Na Nikifa? Swali la Ghati Ambalo Hatukulijibu

Asubuhi hii nimeshika simu nikitegemea Ghati awe amenikatalia kitu. Hakuna meseji hata moja. Ndipo nikakumbuka kwamba jana tulikuwa Sirari, tunamzika. Jamani!

Kwa msiomjua: Ghati ndiye aliyeanzisha Kwato, programu ya simu ya kutafuta ng'ombe waliopotea huku Tarime na Serengeti. Tunaijenga kwa kujitolea. Code yake, yaani maandishi yanayoiendesha, iko wazi, yeyote anaisoma na kuirekebisha. Kilichofungwa ni taarifa za watu: nani ana ng'ombe wangapi, wana alama gani, wanalala zizi gani. Kwa wizi wa mifugo wa huku kwetu, mnaelewa wenyewe kwa nini.

Nilimfahamu mpakani, akiwa karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Nilikuwa nimetoka Morotonga kufuatilia ng'ombe wa baba waliopotea, nikaingia pale kuulizia. Hakunipa hata pole. Aliniuliza, "Utathibitishaje kwamba ni wa kwenu?" Nilimchukia. Nilipofika polisi wakaniuliza hivyo hivyo, na nikawa nimeshajipanga na jibu.

Siku mjomba wake alipokuja kuandikisha mifugo, Ghati alipiga goti kabisa. "Shikamoo, mjomba. Naomba kitambulisho."
"Ghati! Si mimi niliyekubeba mgongoni?"
"Ndiyo, mjomba. Kitambulisho."

Code niliyomtumia ilikuwa haipiti bila kurudishwa. "Marwa, nakupenda, ila sikuamini." Nilidhani ni mimi tu, kumbe hata mchumba wake alikuwa anaambiwa hivyo hivyo.

Pale msibani wapo walionong'ona kwamba kalogwa. Nilicheka peke yangu, kwa sababu nilimsikia kabisa akiuliza, "Sawa, log iko wapi?" Yaani ile rekodi ya nani kafanya nini na saa ngapi.

Nikikumbuka ule mkutano wa Natta moyo unaniuma. Kwato ilikuwa imekua, ikabidi tuamue inaongozwaje. Shule ilikuwa imefungwa, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Wengine walitaka tuikabidhi kwa shirika kubwa la mjini. Wengine walitaka kamati ndogo ikae faragha, kama inchama, lile baraza la siri la wazee. Wengi walikuwa na njaa tu: "Ghati ndiye aliyeianza, awe mkubwa wa maisha, twende tukale."

Ghati akasimama. "Na nikifa?"

 Mama mmoja wa pale Natta akashika kichwa. "Toba! Mwanangu, usijitabirie!" Mwingine nyuma akasema, "Huyu dada naye anapenda mikosi."

"Sijitabirii, mama. Nauliza ufunguo utabaki na nani."

Tulikubaliana nusu. Ufunguo wa taarifa ukagawanywa vipande vitatu, na ili ufungue lazima vikutane viwili. Kimoja cha Ghati, kimoja changu, cha tatu cha mwenzetu wa Tarime mjini. Ila kile kipengele cha mwenye kipande akifa tulikiahirisha, tusije tukaita balaa. Tukaenda kula ugali na nyama, tumeridhika. Wasomi wazima!

Sasa nisikilizeni vizuri.

Jana makaburini kuna mtu alilia kuliko mama mzazi. Nikaanza kumtazama. Udongo haujakauka, meseji ikaingia inbox: "Mura, ndugu yangu, pole sana. Nitumie kile kipande chako niset kila kitu poa, tumuenzi marehemu. Wengine tusiwasumbue kwanza, wako kwenye majonzi."

Jina simtaji. Wenye vipande tulikuwa watatu, mmoja tumemzika, mwingine ni mimi. Hesabu fanyeni wenyewe.

Akipata changu, anakuwa na viwili. Atafungua peke yake, na atajua ng'ombe wa kila aliyetuamini wanalala wapi. Haya, tuseme ana nia njema. Kwa nini basi inbox? Kwa nini "wengine tusiwasumbue"? Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu nazikung'uta hapa hapa hadharani.

Kabla hamjanipigia makofi, nishukuni na mimi. Mbona nang'ang'ania kipande? Mbona nimeandika leo, si jana? Ghati angeuliza. Kipande cha Ghati kimeondoka naye, na simu yangu ikitumbukia chooni usiku huu, Kwato imefungwa milele, na ng'ombe wa mtu akipotea hatutakuwa na cha kumsaidia. Kwa hiyo hata mimi ni hatari.

Basi jibu langu kwa ndugu yule ni hili: kipande sitoi. Jumamosi, familia ikishamaliza msiba, tukutane darasani kule kule Natta. Iwe iritongo, mkutano wa wazi, kila aliyeandikisha mfugo aje na aseme. Wewe uje na simu yako, mimi nije na yangu, tufungue mbele ya watu. Ufunguo utengenezwe upya, vipande viwe vingi, na wa kuvishika wachaguliwe pale pale. Usipokuja, nalo tutaliona.

Ghati, dada yangu. Nimelia mpaka nimechoka, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Uliuliza swali moja tu tukakuziba mdomo, eti tunaogopa mkosi. Mkosi umekuja bila kuitwa. Jumamosi ajenda ya kwanza ni swali lako, na safari hii hakuna anayekwenda kula kabla ya kulijibu.

Pumzika sasa, dada. Ng'ombe tutawachunga, na sisi wenyewe tutachungana.