Maji ya Mchele ya Sihaba

Mudathiri alishushwa kwenye bajaji mlangoni kwa mkewe mkubwa, Sihaba, kule Mkongo, amebaki mifupa mitupu. Homa ya matumbo ilikuwa imemmaliza. Hafsa, mke mdogo wa Ikwiriri ambaye ndiye aliyekuwa akikaa naye miaka yote hiyo, alisema hawezi kuuguza mtu asiyekula. Akamwacha pale na mfuko wa nguo, akarudi na bajaji ileile.

Sihaba alimwingiza ndani, akamlaza kitandani. Alichemsha mchele wa shambani kwake mpaka punje zikapasuka, akauchuja kwa kitambaa cheupe, akatia chumvi kidogo na sukari, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Akitapika, anamfuta, anaanza upya. Tumbo lilipotulia akampa maji ya ukwaju, kisha uji mwepesi wa tui. Alilala mkekani kando ya kitanda, na huko bondeni ndege wakaumaliza mpunga wake, kwani hakuwapo wa kuwafukuza.

Mudathiri alipopata nguvu za kukaa, alimwambia, "Mama Tabu, nilikukosea. Nikipona sitoki tena hapa."

Siku ile Sihaba alijitia wanja.

Ijumaa Mudathiri akaenda msikitini kwa miguu yake. Watu walimshika mkono wakimshukuru Mungu. Sihaba akapika wali na kambare, akaufunika kwa kawa, akangoja. Swala ikaisha, jua likateremka. Jirani yake Zuhra ndiye aliyekuja kumwambia kwamba kamwona juu ya bodaboda, njia ya Ikwiriri.

Haukupita muda simu ikalia. Alikuwa Hafsa, kwa upole: mzee kajisikia vibaya tena, kila anachopewa anakataa, dada amfundishe yale maji. Kabla Sihaba hajasema kitu, Mudathiri akaichukua simu.

"Mama Tabu, mwelekeze vizuri. Huyu hajui kuchuja."

Hata salamu hakumpa.

Sihaba alieleza yote bila kuficha, maana ugonjwa hauna ukewenza. Kisha akakata simu, akakaa jikoni akalia kwa hasira. Alijionea haya kwamba alimwamini.

Wenye wagonjwa waliosikia habari za maji yake wanamfuata, naye anawapikia vilevile. Ila maji huyatolea mlangoni kwake. Akiombwa aende amnyweshe mgonjwa, husema ana kazi shamba.