Meza ya Kioo

Tarehe mbili Februari, mwaka jana, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa anarudi kutoka Kasenyi na mzigo wa samaki, gari likapinduka mlimani kabla ya kufika Bogoro.

Nilikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani wakati shangazi yake alipotuma neno kwamba tukale pamoja: yeye, mimi na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Nilielewa. Katika ukoo wao, mjane akila sahani moja na shemeji yake mbele ya shangazi, kabla ya kuvua kitambaa cha kilio, amekubali kuwa mke wake. Hakuna atakayemwuliza tena. Shemeji ana mke, na mke huyo ndiye aliyelala nami kwenye mkeka siku zote za matanga. Mimi nilitaka kubaki nyumbani kwangu na watoto wangu, mke wa yule niliyemzika.

Mwaliko wa shangazi haukataliwi. Lakini shemeji alinipigia simu, akasema amechagua mgahawa wa Wachina, ule wa wakubwa, katikati ya mji. Nisiogope, huko kila mtu anapewa sahani yake. Hakuwahi kuingia humo. Mimi pia.

Tulienda Jumapili baada ya ibada. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine na vitambaa vyeupe. Walitukalisha kwenye meza ya mviringo, na katikati yake kulikuwa na kioo kikubwa cha duara. Shangazi alishika vijiti vya kulia, akavigeuza, akauliza kama Wachina wanakula ao wanasuka vikapu. Hata mhudumu alicheka. Mimi sikuweza.

Chakula kilipofika, mhudumu hakukiweka mbele ya mtu. Aliweka vyote juu ya kile kioo: wali, nyama, na samaki kapiteni mzima na kichwa chake. Kisha akakisukuma kidogo kutuonyesha, kikazunguka.

Ilikuwa kama sahani moja kwa sisi watatu. Nilimtazama shemeji. Alikuwa anatazama kioo. Nikawaza: kumbe alijua.

Shangazi alimwambia aanze, naye akakata kipande cha samaki, akala. Ndipo shangazi akasukuma kioo kwa kidole kimoja, polepole, mpaka samaki akasimama mbele yangu na lile shimo alilolikata shemeji.

“Muke yetu, kula. Unaogopa samaki, na bwana yako alikuwa anauzisha samaki?”

Nilisema tumbo linaniuma. Akasema samaki ni dawa. Akazungusha tena, wali ukapita, nyama ikapita, samaki akarudi palepale. Hakuwa na haraka. Alikuwa akizungusha huku akisimulia habari za ng’ombe wake wa Djugu, na kila mara samaki alisimama kwangu. Mikono yangu ilikuwa chini ya meza, imeshika kitenge. Nilitaka kusali, nikapata jina la Mungu tu, mengine yalipotea. Nikiondoka, nimemtukana mkubwa. Nikikaa, kuna wakati mkono utainuka wenyewe ili haya yaishe. Mkono huo ndio niliouogopa zaidi. Ulikuwa umeanza kutoka kwenye kitenge.

Shangazi akasukuma tena. Kioo hakikwenda. Shemeji alikuwa ameweka kiganja chake juu yake.

“Iache, shangazi.”

Akamwita mhudumu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na jasho lilikuwa linamtoka katika baridi ile.

“Letea muke ya kaka yangu sahani yake. Yake peke yake.”

Shangazi aliweka uma chini.

“Weye unajua ile unasema?”

“Najua.”

Mhudumu alileta wali wa mayai katika sahani ndogo, akaiweka mbele yangu, nje ya kioo. Sikuwa na njaa. Wali mwingine ulianguka kwenye kitambaa cheupe. Niliuokota, nikaula wote.