Chaki Chini ya Chokaa

Watu walimcheka Sumaili, fundi wa serikali mjini Lubumbashi, kwa vile alikuwa anagonga zege kwa nyundo kisha anatega sikio, utasema daktari na kifua cha mgonjwa. Wacha wacheke! Zege zima linalia ngaa. Lililooza ndani linajibu bu, maana chuma chake kimeshika kutu, kimevimba, kinalibandua.

Dari ya soko la samaki ilijibu bu mahali saba. Sumaili akapanda ngazi, akachora maduara saba ya chaki, na wauzaji wakajua: chini ya duara hakuna kuweka meza. Mkewe Zabibu, muuza samaki wa Kasenga, ndiye aliyewafundisha wenzake.

Ripoti tatu za Sumaili zilizama kwa mkubwa wake, Bwalya. Halafu ikasikika kwamba wajumbe wa chama tawala wanakuja kutembelea soko. Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo, Bwalya akaleta ndoo za chokaa.

"Citoyen, hizi duara haziko za kufuta," Sumaili akasema, akimwita "mwananchi" kwa Kifaransa kama chama kilivyoagiza. "Chuma iko naoza kule juu. Itaua batu!"

"Zinatuaibisha. Paka! Ao unataka niseme unapinga chama?"

Lo, kupinga chama ni jela! Alikuwa na watoto watano. Akashika brashi, akayapaka yote saba kwa mkono wake.

Wajumbe wakapita, wakasifu usafi. Jumatatu Zabibu akaamka na homa, akamtuma sokoni mdogo wake Asha, aliyefika juzi tu kutoka Kasenga. Asha alifika kabla ya muuzaji yeyote wa kumwonya. Mahali pa dada yake hakupajua; akaona nafasi isiyo na meza karibu na mlango, dari nyeupe pee, akashukuru Mungu, akaweka meza. Kipande cha zege kikamwangukia kichwani. Hakuamka tena.

Tume ikaja, ikamuuliza Sumaili, "Kama ulijua, alama iko wapi?"

Akapanda ngazi, akakwaruza chokaa kwa msumari. Chaki ikatoka nayo, unga mtupu. Ripoti zake nazo hazikuonekana, wakaandika kwamba fundi hakuonya. Bwalya alisimama pale anatikisa kichwa, eti anasikitika. Mshenzi yule!

Matangani Zabibu hakulia mbele ya mumewe. Alimwita pembeni.

"Baba Sudi, pale ulikuwa napaka, ulikuwa najua?"

"Nilikuwa najua."

Zabibu akamtazama mikono. Chokaa ilikuwa bado kwenye kucha.