Picha Safi ya Kichwa cha Rula

Tulimwita Rula kwa sababu hakuwahi kuihitaji. Katika karakana yetu ya kushona sare yeye ndiye alikuwa mkataji: tabaka arobaini za kitambaa mezani, kipande cha chaki, mashine ya kukatia mkononi, na mstari unatoka umenyooka. Nilimwonea wivu miaka kumi na moja. Mdomo nao alikuwa nao. Ukimpelekea kola iliyopinda, anakuuliza kama shingo ya mteja nayo imepinda hivyo hivyo.

Mkono wake wa kulia ulianza kufa ganzi msimu wa sare za shule. Mara ameshika mkasi, mara mkasi uko sakafuni. Baadaye akawa anaburuta mguu, na siku moja ulimi ulimwia mzito akashindwa kutaja rangi ya uzi uliokuwa mbele yake. Kesho yake yuko mzima, anatutania. Hizo siku nzuri ndizo zilizomponza.

Kwetu, mkataji akiugua, washonaji hugawana kazi yake, maana bila vipande hakuna cha kushona. Tukawa tunakata kwanza ndipo tushone, wiki ya kwanza kwa moyo mweupe, wiki ya sita tumenuna. Migongo ilituuma. Maneno ya chini chini yakaanza, kwamba Rula anadeka, kwamba amepata kisingizio. Na mimi nilikuwemo.

Ndipo akaandikiwa picha ya ubongo. Mumewe alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo Rula akaniomba nimsindikize. Aliingizwa kwenye lile bomba la mashine, akalala humo karibu saa nzima bila kutikisika. Daktari wa mishipa ya fahamu alituonyesha picha kwenye kompyuta, akasema hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja, hakuna alama ya kiharusi. Nikashusha pumzi. Rula hakushusha.

"Sasa, daktari, kama hakuna kitu, mkono unakufa kwa nini?"

Daktari hakumzungusha. Alisema bado hajui. Picha ile inaonyesha umbo la ubongo, haionyeshi kila namna unavyofanya kazi, na yako maradhi ambayo hayaonekani humo kabisa. Imeondoa hofu ya mambo mabaya kadhaa, lakini haijasema kwamba yeye ni mzima. Arudi baada ya wiki tatu kwa vipimo vingine, na mpaka hapo asiguse mashine ya kukatia.

Nilielewa yote. Tulipokaa kwenye benchi la nje, Rula alinirudishia maelezo kwa lugha yetu ya mafundi: pateni, ile karatasi ya kukatia, inaweza kuwa sahihi kabisa, na nguo bado ikakaa vibaya mwilini. Nikamwambia ndiyo, dada, nimekuelewa.

Kesho yake alibaki nyumbani, mimi nikaenda kazini. Hata mkoba sijauweka chini, fundi mkuu akaniuliza picha imesemaje. Cherehani zote zikanyamaza. Niliangalia meza ya kukatia, nikaona rundo linalonisubiri.

"Picha safi," nilisema. "Hawakuona kitu."

Sikusema uongo. Nilikomea hapo makusudi, na sababu naijua: nilikuwa nimechoka, nikataka meza ile irudi kwa mwenyewe. Mmoja akaguna, mwingine akasema si tulisema. Fundi mkuu akampigia Rula simu palepale, akamwambia kesho awe mezani, la sivyo asirudi tena. Rula alijaribu kumweleza maneno ya daktari. Akajibiwa kwamba hata aliyekuwa naye mle chumbani amesema hana kitu.

Akaja. Hakunisalimia. Aliwasha mashine akakata migongo ya mashati, mstari umenyooka kama zamani, na sisi tukakonyezana. Alipofika kwenye kola, mkono wa kulia ukalegea. Mashine ikayumba, na mkono wa kushoto ulikuwa mbele yake, umeshikilia kitambaa. Vidole viwili vilikwenda.

Jioni tulikwenda kumwona hospitali, mimi na washonaji wawili. Wao walilia mpaka muuguzi akawatuliza. Walileta salamu za fundi mkuu, kwamba apumzike muda wowote anaoutaka, kazi yake ipo. Rula aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniinulia ule mkono wenye bendeji, mimi peke yangu.

"Hiki kitu unakiona, mdogo wangu?"

Nikasema nakiona.

"Basi kawaambie kwamba naumwa."

Nilikwenda karakana nikawaambia. Hakuna aliyebisha.