Waya wa Chumba cha Nyuma

Watu walimwita Bi Pindo, maana hakuna aliyemshinda kukunja pindo la suruali. Mumewe walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha hesabu wala historia. Alifundisha tarumbeta, na kwa miaka mingi aliongoza bendi ya mitaa yao, akitembea mbele na fimbo yake kama mwenye barabara.

Uzeeni alianza kusahau. Kwanza ilikuwa miwani, kisha njia ya sokoni, halafu siku moja akamuuliza mkewe kwa adabu zote, "Samahani mama, fundi wa nguo yuko wapi?" Bi Pindo alimjibu kwamba fundi anakuja sasa hivi, akaenda jikoni kufuta machozi.

Muziki ndio uliobaki. Mwanafunzi wake wa zamani alikuwa ameziweka rekodi za bendi mtandaoni, na spika ndogo kando ya kiti ilizipiga kutwa. Muziki ukilia, Mwalimu ametulia, kidole kikifuata mapigo gotini. Ukikatika, husimama. "Wameondoka bila mimi," husema, na kuanza kutafuta viatu.

Nayo waifai ilikuwa haiaminiki. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilikuwa sebuleni, kiti kilikuwa chumba cha nyuma, na kuta za nyumba ile zilikuwa nene kama za gereza. Kumhamishia sebuleni hakukuwezekana, kwa sababu mlango wa sebule ulifunguka moja kwa moja barabarani, na malori hayakupunguza mwendo pale. Ikabidi wavute waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye spika.

Bi Pindo alikwenda dukani na shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, mtu wa kupenda vitu vinavyong'aa. Shemeji hakuchelewa kushika kebo nene yenye ncha za rangi ya dhahabu.

"Hii ndiyo yenyewe, shemeji. Kaka ni mtu wa muziki. Tumfungie kamba ya viatu?"

Muuzaji, mwanamke wa makamo aliyepandisha miwani kichwani, alicheka kidogo. "Sauti ni ileile, kaka. Kinachotakiwa ni muziki ufike bila kukatika. Waya huo ni mgumu kukunjika, kwenye kona utawasumbua. Kwanza niambieni, waya utapita wapi?"

"Chini ya mlango," alisema Bi Pindo.

"Basi utakaopenya ni huu bapa. Lakini mlango ukiubana kila siku, haudumu. Ningekuwa wewe ningechukua huu wa duara, wa kawaida, ndani ni shaba tupu, halafu nikatoboa ukuta."

Bi Pindo alifikiria kelele za kutoboa, na Mwalimu akishtuka, akilia kama mtoto. Akachukua ule bapa.

"Kama utepe wa gauni," alinung'unika shemeji.

"Ndiyo maana nimeupenda."

Ulifanya kazi. Hata hivyo Bi Pindo hakupata raha. Kila alipopita mlangoni aliangalia chini, na kila wimbo ulipoisha alibana pumzi mpaka wa pili uanze.

Kisha ikaja alasiri ya bibi harusi mmoja mwenye haraka. Bi Pindo alikuwa chumba chake cha kushonea, pini mdomoni, cherehani ikinguruma. Alipoinua mguu kwenye pedali, nyumba ilikuwa kimya.

Alikimbia. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa chumba, ambao Mwalimu alipenda kuufunga kwa sababu ya upepo, ulikuwa wazi, na waya pale chini ulikuwa umebonyea kama mrija uliotafunwa. Viatu havikuwepo. Mlango wa sebule ulikuwa wazi pia.

Alitoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Kinyozi wa jirani alinyoosha mkono. "Ameniuliza uwanja uko wapi. Nikadhani mko wote!"

Mwalimu alikuwa katikati ya barabara, mgongo kwake, mikono juu, akiongoza. Lori lilikuwa limesimama hatua chache kutoka kwake, nyuma yake magari yakipiga honi, na upande wa pili mengine yalikuwa bado yanapita kasi.

"Hawa wa nyuma wanaingia kabla ya wakati!" alifoka Mwalimu, akapiga hatua mbele.

Bi Pindo alitaka kupiga kelele, akakumbuka pini mdomoni. Alizitema. Lakini jina lake mwenyewe angelijua? Na akishtuka, atarukia upande gani? Basi akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa mwendo wa bendi, akaingia barabarani akiinua magoti kama mwanafunzi.

"Mwalimu! Bendi imepangwa huku!"

Aligeuka, akamkagua juu mpaka chini. "Wewe unapiga nini?"

"Ngoma kubwa, Mwalimu."

"Unachelewa. Moja, mbili. Moja, mbili."

Wakatoka barabarani wakitembea kwa mapigo, yeye mbele, mkewe nyuma akipiga makofi. Dereva wa lori alikuwa amelaza kichwa kwenye usukani.

Kesho yake asubuhi Bi Pindo alirudi dukani. Shemeji, aliyefuatana naye, hakutaja dhahabu tena. Walinunua ule wa duara, na shemeji mwenyewe akatoboa ukuta karibu na dari, jasho likimtoka, huku Bi Pindo amemshika mumewe mkono akingoja kilio. Mwalimu alisikiliza drili kwa makini.

"Huyu ana nota moja tu," alisema, "lakini ana pumzi."

Shemeji alicheka mpaka ikabidi ashuke kwenye ngazi, kisha kicheko kikageuka kilio, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Tangu hapo muziki haukukatika tena kwa sababu ya waya. Mara mojamoja umeme ulipotea. Siku hizo Bi Pindo aliacha nguo kwenye cherehani, iwe ya bibi harusi au ya nani, akaenda kuketi sakafuni sebuleni, mgongo kwenye mlango wa barabarani, akasikiliza hatua za mumewe mpaka taa ziwake.